Kujisomea Kunafundishwa: Yale Tuliyoyaona Katika Sekondari za Kata

"Nendeni mkajisomee." Agizo hili husikika katika kila sekondari nchini Tanzania, hasa mwalimu anapoitwa kikaoni au kipindi kinapobaki bila mtu. Anayeambiwa hivyo huwa ni mtoto wa kidato cha kwanza ambaye shule ya msingi aliisoma kwa Kiswahili, akinakili kutoka ubaoni na kuitikia na wenzake kwa sauti moja. Sasa ana kitabu cha Biolojia cha Kiingereza, kaunta buku mpya na saa mbili za prepo, yaani muda wa kujisomea usiku. Atafanya anachokijua: atafungua daftari, atapitisha macho kwenye notsi za asubuhi, atapigia mstari vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, kisha atasinzia. Ukimuuliza atasema amesoma, naye hasemi uongo, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha kusoma kwa namna nyingine.

Walimu wengi tunachukulia kujisomea kuwa ni tabia njema, sawa na kuwahi namba au kuchomekea shati. Mwenye nayo tunamsifu, asiye nayo tunamwita mvivu na pengine tunamchapa. Kumbe kujisomea ni ujuzi, tena ni ujuzi kadhaa uliofungamana: kusoma ukurasa na kujua kiini chake, kujipima bila kutazama daftari, kusahihisha kosa na kutaja sababu yake, kupanga kazi ya wiki, na kuomba msaada ukiwa umeshajaribu. Kila kimoja kinafundishika darasani, kwa kipindi kile kile cha dakika 40, na kisipofundishwa hakiji chenyewe. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka mhitimu mwenye akili ya kudadisi na kujiamini. Shule nyingi zilichukua jembe na banda la kuku, udadisi ukabaki kwenye karatasi.

Kwanza ukurasa mmoja wa kitabu

Hakuna mbinu ya kujisomea itakayofaa kama mtoto hawezi kusoma nusu ukurasa wa kitabu cha kiada na kueleza kilichomo. Kwa hiyo kazi inaanzia hapo, katika muhula wa kwanza wa kidato cha kwanza, na kila mwalimu wa somo anahusika. Kumwachia mwalimu wa Kiingereza peke yake hakufai, kwa sababu Kiingereza cha Jiografia na Kiingereza cha Fizikia havifanani.

Chagua kifungu kifupi, maneno kama 120 hadi 150, chenye picha au mchoro. Sura nzima ni nyingi mno. Katika kipindi pacha cha dakika 80, tenga dakika 20 tu kwa kazi hii, na uifanye kwa awamu nne, takriban wiki moja kila awamu. Wiki ya kwanza mwalimu anasoma kwa sauti huku akifikiri kwa sauti pia: "Neno hili silijui, nalipita kwanza, natazama mchoro, aa, mshale unaelekea kwenye utumbo mwembamba, basi neno hili litakuwa linahusu kusukuma chakula." Wanafunzi wanaona kwamba hata msomaji mzoefu anakwama, na wanaona anavyojikwamua. Wiki ya pili wanasoma wawili wawili wakijibu maswali manne ya mwalimu. Wiki ya tatu wawili wawili tena, ila maswali wanatunga wao na kubadilishana na jozi ya jirani. Wiki ya nne kila mmoja peke yake, kisha analinganisha alichoandika na mwenzake.

Yanayoharibika hapa ni mawili. La kwanza ni kuruka kutoka wiki ya kwanza kwenda ya nne, na hapo nusu ya darasa inarudi kwenye kunakili. La pili halionekani upesi: mwalimu anabaki kwenye wiki ya pili mwaka mzima. Wanafunzi wanakuwa hodari wa kuwinda sentensi. Swali lina neno fulani, wanalitafuta neno hilo kwenye kifungu, wananakili mstari mzima, wanapata vema. Dawa ni kuandika swali ambalo maneno yake hayamo kwenye kifungu. Badala ya kuuliza kazi ya ute wa kwenye mdomo, uliza kwa nini mkate mkavu unaanza kuwa mtamu ukitafunwa muda mrefu. Hapo kuwinda hakusaidii.

Utajuaje kwamba ni wakati wa kusonga awamu inayofuata? Chukua madaftari kumi bila kuchagua kutoka darasa la watu 60. Kama saba au nane yana majibu kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, songa. Kama ni manne, rudia wiki ile kwa kifungu kingine. Usiangalie mikono inayonyooshwa, kwani mikono huwa ni ile ile sita ya mbele.

Kuhusu lugha ya kufikiria, tuna msimamo ambao baadhi ya wakuu wa shule hawaupendi: mwache mwanafunzi afikiri na kujadili kwa Kiswahili, halafu aandike kwa Kiingereza. Kibao cha "ongea Kiingereza tu" kinanyamazisha watoto wengi kuliko kinaowafundisha, na aliyenyamaza hajulikani amekwama wapi. Kinachosaidia ni orodha ya msamiati kurasa za mwisho za daftari la kila somo, maneno nane hadi kumi kwa mada, katika safu nne: neno, maana yake kwa Kiswahili, mchoro au mfano, na sentensi ilikotoka. Ukiruhusu maneno 30 orodha inageuka kitu cha kukariri. Wala usijaze istilahi za somo peke yake. Istilahi mwalimu huzieleza kila siku. Yanayoangusha ni maneno madogo yasiyoelezwa na mtu, vile viunganishi vya Kiingereza vyenye maana ya "hata hivyo", "ilhali" na "isipokuwa". Mwanafunzi akikosa kimoja, sentensi inampa maana iliyo kinyume, naye anaondoka akiamini ameelewa.

Vivyo hivyo maneno ya amri katika maswali. Kutaja, kueleza, kufafanua na kutofautisha ni kazi tofauti, na alama hupotea hapo hata kwa anayeijua mada. Zoezi lake ni rahisi: toa maswali matano, kataza kuyajibu, waseme tu jibu liwe na umbo gani na hoja ngapi. Swali la kutofautisha ndilo linalosumbua zaidi. Ukitaka tofauti ya ateri na vena, wengi wataandika kwamba ateri ina ukuta mnene na vena hupeleka damu kwenye moyo. Sentensi zote mbili ni za kweli, lakini si tofauti, kwa sababu moja inazungumzia ukuta na nyingine mwelekeo wa damu. Wachoree jedwali la safu tatu, safu ya kwanza iwe "sifa inayolinganishwa", na kosa hilo litapungua haraka.

Vitabu ni vichache, hilo linajulikana. Wanafunzi watatu kwa kitabu wanaweza kufanya kazi hii, watano hawawezi, wawili wa pembeni watakuwa wanatazama dirishani. Panapokuwa na uhaba kuliko hapo, mwalimu aandike kifungu kwenye karatasi ya manila na kukibandika. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada ambavyo mwalimu anaweza kuvifungua kwenye simu yake. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, mwalimu ndiye wa kutoa vifungu humo na kuviweka ukutani.

Daftari linalouliza maswali

Kipindi cha dakika 40 kikitoa dakika 25 kwa kunakili ubao, kilichobaki ni salamu na kufuta ubao. Hata hivyo notsi haziwezi kufutwa kabisa, kwa sababu pasipo vitabu ndizo kitabu chenyewe. Tulichoona kinafaa ni kubadili umbo lake. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwalimu aitwaye Walter Pauk alieneza mpangilio ambao unakubali vizuri kwenye kaunta buku: piga mstari wa wima sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto, na mstari wa mlalo sentimita 5 kutoka chini. Upande mpana wa kulia ni wa notsi. Safu ya kushoto inabaki tupu wakati wa kipindi. Jioni ile ile mwanafunzi anaandika humo maswali ambayo majibu yake yako upande wa kulia. Nafasi ya chini ni ya muhtasari wa sentensi mbili.

Kisha inakuja sehemu yenye faida yenyewe: anafunika upande wa kulia kwa karatasi, anasoma swali, anajibu kwa mdomo au kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, ndipo anafunua. Anarudia baada ya siku mbili, baada ya wiki, na kabla ya mwezi kwisha. Kila akirudia anaweka alama ndogo kando ya swali: vema kama amelipata, nukta kama limemshinda. Swali lenye vema tatu mfululizo linapumzishwa, lenye nukta linarudiwa kesho.

Sababu ya kuachanisha siku inajulikana tangu Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha mwaka 1885 vipimo vya kumbukumbu yake mwenyewe: tunasahau kwa kasi sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kila tunaporudia kusahau kunachelewa. Na sababu ya kufunika jibu ilionekana wazi katika utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Waliosoma kifungu na kukisoma tena walikumbuka zaidi wakipimwa baada ya dakika tano. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliosoma mara moja kisha wakajipima walikumbuka asilimia 56, wale wa kusoma na kurudia wakabaki na asilimia 42. Jambo hili linaeleza kilio tunachokisikia kila muhula, "mwalimu, mbona jana usiku nilikuwa nazijua zote?" Alikuwa anazijua kweli. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua pale pale daftari likiwa wazi, na hisia hiyo ndiyo inayomdanganya alale mapema.

Makosa yanayojitokeza ni yale yale katika kila darasa. Safu ya kushoto inajazwa vichwa vya habari badala ya maswali, kwa mfano "aina za udongo", ambacho hakimlazimishi mtu kujibu chochote. Au maswali yote ni ya "nini maana ya". Wape kanuni: kwa kila ukurasa, swali moja la maana, moja la kwa nini, na moja la "ingekuwaje kama". Wengine huandika maswali huku mwalimu bado anafundisha, wakakosa sehemu ya pili ya somo. Na wapo wanaofunua jibu mapema mno, sekunde tatu tu. Wafundishe kuhesabu hadi ishirini kimya kimya kabla ya kufunua, kwani ile taabu ya kutafuta kichwani ndiyo kazi yenyewe.

Usitarajie darasa lote litaendelea na utaratibu huu kwa sababu umewaeleza faida yake. Wiki tatu za mwanzo, fungua kila kipindi kwa dakika tano za maswali manne: mawili ya jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Madaftari yamefungwa, majibu kwenye kipande cha karatasi, kila mtu anajisahihisha, alama hazikusanywi. Mkizikusanya wataanza kupiga chabo na utakuwa umepoteza kipimo.

Makosa ndiyo yenye somo

Mwanafunzi anayemsubiri mwalimu amwambie kama amepata au amekosa hajaanza kujitegemea bado. Kwa hiyo toa majibu ya mazoezi. Walimu wanasita hapa, wanasema yatanakiliwa, na wako sahihi: yatanakiliwa kama jibu sahihi ndilo linaloleta alama. Badilisha kinacholipwa. Katika zoezi la kujifunzia jibu sahihi halina alama. Alama tano ni za namna mwanafunzi alivyosahihisha makosa yake kwa kalamu ya rangi nyingine. Asiye na kosa hata moja apewe maswali magumu zaidi hadi akosee.

Kwa Hisabati na Fizikia, bandika kwenye ukuta wa nyuma majibu ya mwisho tu, bila njia. Mwanafunzi anafanya maswali mawili, anainuka, anakwenda kutazama, anarudi. Kisha mawili mengine. Asifanye yote sita ndipo aangalie, maana kosa lililorudiwa mara sita linakuwa mazoea na kulitoa ni kazi. Ule mwendo wa kwenda ukutani nao una maana: unachosha kidogo, kwa hiyo mtu anafikiri kwanza. Njia kamili ibandikwe siku inayofuata, wakati waliokwama wameshakwama vya kutosha.

Kila somo la hesabu na sayansi liwe na kurasa za makosa, safu tatu: swali, hatua nilipokosea, sababu. Sababu ziwe nne tu: sikujua, nilijua nikasahau, sikuelewa swali, nilikosea hatua. Wengi watajaza "uzembe" kila mstari. Likatae neno hilo, halielekezi popote. Mfano wa Fizikia: kitu chenye masi ya gramu 250 kinaongeza kasi kwa mita 2 kwa sekunde mraba, tafuta kani. Aliyeandika niutoni 500 hakuwa mzembe. Hakubadili gramu kuwa kilogramu, na jibu ni niutoni 0.5. Aandike hivyo hivyo: "sikubadili gramu". Kila sababu ina tiba yake. Asiyejua anarudi kitabuni, aliyesahau anaongeza swali kwenye safu ya kushoto, asiyeelewa swali anarudi kwenye maneno ya amri, na wa hatua anaandika juu ya kila zoezi orodha ya vitu vitatu vya kukagua: vipimo, alama ya kutoa, namba zilizonakiliwa. Yakifika makosa 20, ahesabu. Mara nyingi 12 au zaidi yanaangukia kwenye sababu moja, na hapo mtoto anajua wiki ijayo afanye nini bila kuambiwa na mtu.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama. Kabla ya kukusanya karatasi za jaribio, kila mmoja aandike juu alama anazodhani atapata. Ukirudisha, anaandika tofauti. Kwa madaraja ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ambapo A inaanzia 75, B 65, C 45 na D 30, anayetabiri 68 akapata 38 amejidhania B akiwa na D, na huyo ana tatizo kubwa kuliko aliyepata 38 akiwa ametabiri 40. Wa pili anajua hajui. Wa kwanza hataenda hata kwenye diskasheni, yaani majadiliano ya kikundi, ya nini wakati mada anaijua? Tofauti ikipungua kutoka jaribio hadi jaribio, kujitegemea kunakua, hata kama alama zenyewe bado hazijapanda. Sharti ni moja: asiadhibiwe wala kuchekwa kwa alichotabiri. Akiadhibiwa mara moja, jaribio lijalo darasa zima litaandika 30.

Na hapa niseme wazi kuhusu fimbo. Darasa linalochapwa kwa kila alama iliyopungua hujifunza kuficha makosa. Kurasa za makosa zitajazwa makosa ya kubuni, majibu yatanakiliwa usiku, na mwalimu atakuwa na madaftari safi na matokeo mabaya.

Kwa kidato cha tatu na cha nne kuna hazina ambayo shule nyingi haziigusi: taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazotolewa kwa kila somo na kupatikana bure kwenye tovuti ya baraza. Ndani yake kuna swali, kiwango cha waliolimudu, sababu za waliokosea, na nakala za majibu halisi, mazuri na dhaifu. Namna ya kuzitumia: chapisha jibu moja dhaifu na moja zuri, ficha maelezo, wape wanafunzi wawili wawili waweke alama na kutetea. Ndipo wasomewe baraza lilisema nini. Swali moja linachukua dakika 25, na linafundisha zaidi ya kufanya pasti pepa (mtihani wa miaka iliyopita) nzima kisha kusomewa majibu. Pasti pepa zenyewe zina wakati wake, baada ya mada kwisha na kwa saa iliyopimwa. Zikiingia mapema zinazaa kuotea, mtoto anakariri majibu ya miaka mitano iliyopita na kukutana na swali lililogeuzwa kidogo tu.

Prepo, diskasheni na kuomba msaada

Mwalimu wa zamu anapopita madarasani usiku, anapima kimya. Kimya hakisemi chochote. Prepo inayofanya kazi ina mnong'ono, watu wanaoinuka kwenda kutazama majibu, na karatasi za kufanyia hesabu mezani. Igawe kwa vipande vya dakika 40: tano za kuandika kwenye karatasi tupu yote unayokumbuka kutoka kipindi cha mchana, 25 za kufanya maswali, kumi za kusahihisha na kujaza makosa. Somo moja kwa kipande. Kwa wanafunzi wa kutwa wanaofika nyumbani jioni wakakuta maji hayajatekwa na mwanga ni wa taa ndogo, kipande kimoja cha namna hii kwa siku kinatosha, na afadhali kifanyike shuleni kabla hawajaondoka.

Diskasheni iwe ya watu wanne au watano. Wakizidi hapo mwenye akili zaidi anageuka mwalimu na wengine wanakuwa wasikilizaji, tena wenye furaha, kwani aliyesikia maelezo mazuri huhisi ameelewa. Kanuni mbili zinaokoa: hakuna anayekaa bila jaribio lake la maandishi, hata kama ni nusu, na mwalimu ndiye anayechagua mwishoni nani aeleze. Wakijua yeyote anaweza kuitwa, yule bingwa ataacha kuhubiri na kuanza kuhakikisha wa mwisho ameelewa.

Ratiba zile za rangi, zenye kila somo na kila saa kuanzia alfajiri hadi usiku, hazivuki wiki mbili. Zinakufa siku ya kwanza mtu anapougua au kutumwa. Mpango unaodumu una mistari mitatu kwa wiki na unataja kazi, si saa: maswali sita ya moli, ramani moja ya kusoma kontua, aya mbili za insha. Ijumaa anaandika kilichofanyika na kilichoshindikana. Kilichoshindikana wiki mbili mfululizo kinagawanywa, hakihamishwi tena kama kilivyo.

Kuomba msaada nako kuna utaratibu. Jaribu dakika kumi, rudi kwenye mfano uliofanywa, muulize mwenzako, ndipo uende kwa mwalimu na daftari lako, ukionyesha ulipofika. "Mwalimu, sielewi logarithimu" halijibiki. "Mwalimu, nimefika hapa, sijui kwa nini hii imekuwa hasi" linajibika kwa dakika moja. Upande wa mwalimu, kanuni ni kutomnyang'anya kalamu. Uliza: "Hatua gani ya mwisho una uhakika nayo?" Toa dokezo moja, ondoka, rudi. Ukimaliza wewe hesabu yake, atakushukuru na kesho atakuja na nyingine kama hiyo hiyo. Swali ambalo mwalimu mwenyewe hana jibu lake, aseme hivyo na alitafute kitabuni mbele yao, waone linavyotafutwa.

Mwenzetu mwenye azimio la kazi (mpango wa kufundisha mada) lililochelewa atauliza muda unatoka wapi. Unatoka kwenye kunakili. Mada ikishakuwa na vifungu vinavyosomeka, theluthi ya notsi inaweza kuachwa kwa wanafunzi waitoe wenyewe kitabuni, mwalimu akikagua kumi kati ya sitini. Kidato cha kwanza utachelewa wiki tatu hivi. Kidato cha pili mada nyepesi zitasomwa bila wewe, na wiki hizo zinarudi. Jambo hili haliendi kama ni mwalimu mmoja tu anayelifanya na wengine kumi wanaendelea kusomesha notsi kwa sauti, kwa hiyo mwalimu wa taaluma apange angalau masomo matatu yaanze pamoja, yenye umbo moja la daftari.

Likizo za Juni na Desemba ndizo zinazoonyesha kama kazi imeshika. Usitoe maswali mia. Toa karatasi moja kwa somo: maswali kumi ya mada zilizopita, vifungu viwili vya mada ijayo vya kusoma na kutungiwa maswali matatu matatu, na nafasi ya kuandika yaliyomshinda. Wiki ya kwanza ya muhula, toa jaribio la dakika 15 linalotoka kwenye karatasi hiyo, na anza kufundisha kwa yale waliyoandika kuwa yamewashinda. Zikikusanywa na kurundikwa ofisini bila kutupiwa jicho, likizo inayofuata hakuna atakayezijaza.